Wageni Wanaishia Chini

Panda daladala ya kutoka mjini Mwanza kwenda Buhongwa, kaa dirishani, uanze kuhesabu nyumba zenye nondo zilizochomoza juu. Utachoka kabla hujafika Butimba. Chini watu wanaishi: mapazia, dishi la king'amuzi, mtungi wa gesi barazani. Juu kuna slabu, yaani sakafu ya zege, nguzo zilizoishia kiunoni na kamba ya kuanikia nguo. Mgeni wa mji akiona anadhani tumeishiwa. Kuishiwa tumeishiwa, lakini kuna na hesabu nyingine. Mwanza ardhi tambarare ni ya kubahatisha; mawe yalishakaa hapa kabla yetu na hayahami. Ukipata kipande cha kujenga unamwaga slabu mapema, hata kama hela ya kuta za juu hujui itatoka wapi, maana ukitaka kupanuka kwa pembeni utakutana na jabali au na jirani.

Yetu, huku Nyegezi, ilikaa hivyo miaka mingi. Tuliianikia mahindi. Jioni umeme ukikatika watoto walipanda kusomea huko mpaka mwanga uishe, na siku ya kipaimara cha mkubwa wetu tuliifunga turubai ikawa ukumbi. Ngazi ilipanda vizuri tu kutoka koridoni, ikafika juu, ikakutana na bati lililofungwa kwa waya.

Kilichonifanya nilifungue lile bati ni Bugando. Hospitali ile ipo tangu 1971 na ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa nzima, kwa hiyo ukoo wowote wenye mtu aliyejenga Mwanza una wadi yake ya ziada, na wadi ya ukoo wetu ni sebule yangu. Shangazi ana kliniki ya macho Jumatano, anafika Jumatatu. Anayekuja kuuguza anakuja na wa kumsaidia kuuguza. Zamani waliotoka Sengerema na Geita walikuwa na kisingizio cha kivuko. Foleni ya Kigongo ilimfanya mtu ajifikirie. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za lami juu ya maji, lilipofunguliwa Juni 2025, kisingizio kikafa. Naishukuru serikali, kweli kabisa, ila kuhusu mashuka hakuna aliyeniuliza.

Nisieleweke vibaya. Wageni hawa ni wangu, na mimi nikiugua nitakuwa mgeni wa mtu. Ninachosema ni kwamba mwanamke anayelala chumba kilichopakana na sebule, anayeoga kwenye bafu lenye foleni, aliye jikoni tangu saa 11 alfajiri, akikosa mlango wa kufunga atawachekea watu kwa meno tu. Nilitaka mlango, na chumba changu huko juu ya slabu.

Hapo kikao cha familia kikaanza. Baba watoto alikuwa na wazo la busara, na busara yake ndiyo iliyonipa kazi. Tupandishe ngazi ya nje, tukate vyumba viwili, tupangishe wanafunzi wa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Malimbe, chuo kilipo, si mbali na chumba kizuri hakikai wazi. Alikuja na karatasi yenye hesabu, kapigia mstari jumla. Shemeji yangu, ambaye hajachangia hata mfuko mmoja wa saruji, alitaka sebule ya juu yenye kaunta. Mimi nikasema chumba kimoja, bafu moja, basi. Wakaniuliza, slabu yote hiyo kwa chumba kimoja? Nikawajibu kwamba inayobaki tutaiacha baraza wazi, na kwamba kila chumba kinachoongezwa nyumba hii kinakuja na mlalaji wake. Nikiweka kochi juu, litapata mtu kabla jua halijazama. Tulivutana wiki kadhaa. Mwisho baba watoto akakunja karatasi yake: "Haya mama, lakini nafasi ya ngazi ya nje tuiache." Nafasi ipo. Nimeipanda bogenvilia.

Kabla ya tofali la kwanza tulimwita mhandisi. Fundi wetu alinuna kidogo. "Mama, slabu hii niliimwaga mwenyewe." Sikuwa na shaka naye, lakini Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo nchi nzima ilikaa siku kadhaa ikifuatilia watu wakitolewa kwenye kifusi, na baada ya hapo "najua" ya fundi peke yake hainitoshi. Isitoshe, kibali cha ujenzi cha halmashauri hakitoki bila michoro.

Mhandisi alikuja na nyundo ndogo. Akawa anatembea taratibu, anagonga slabu, anainamisha sikio, anasogea, anagonga tena. Panapotoa mlio mkavu zege ni zima. Panapotoa mlio wa uwazi, zege limeachana na nondo. Pembe moja, ile ambayo maji ya masika yalikuwa yanasimama, ilitoa mlio wa uwazi. Walipobomoa kidogo tukaiona nondo imevimba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inapasua zege kutokea ndani huku juu ukiona ufa mwembamba tu wa nywele. Walisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, wakaziba upya. Nondo za nguzo nazo zikapimwa unene moja moja, zilizoliwa zikaongezewa mpya kando yake. Kama una slabu inayosubiri hela, fanya angalau hili: usiruhusu maji yasimame juu yake. Mteremko mdogo wa saruji na bomba la kutolea maji ni bei ya mifuko michache.

Somo kubwa zaidi lilikuwa uzito. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, wenye kimo cha mita 2.7 na ripu pande zote mbili, unakaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Ukuta wa namna hiyo hauwekwi mahali mwenye nyumba anapopapenda. Unawekwa juu ya bimu, ile mihimili ya zege inayobeba slabu, au juu ya ukuta wa chini. Chumba nilichokuwa nimekichora kwa penseli kikasogezwa hatua kadhaa upande wa mashariki, na mimi nikanyamaza. Tani kwa kila mita, na chini analala shangazi.

Sasa tuje kwenye ziwa. Nyegezi tuko ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo maji yako magharibi, na magharibi ndiko kwenye jua la mateso. Kila aliyepanda kuangalia kazi alisimama upande ule akanyoosha mkono: "Hapa weka kioo kitupu, mama, ukuta mzima." Huo ni ushauri wa mtu aliyekuja saa 3 asubuhi. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33, kwa hiyo jua linatuchelewa kwa dakika 48 hivi. Utosini linafika karibu saa 7 kasoro robo mchana, na kuzama ni kuelekea saa 1 jioni, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Kuanzia saa 9 alasiri ukuta unaotazama ziwa unapigwa ubavuni. Paa lililotokeza nje linakinga jua la juu. La saa 11 linapita chini ya paa na kuja kulala kitandani kabla yako.

Basi madirisha makubwa niliyaweka kaskazini na kusini. Tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuta hizo mbili hazipati jua la kuumiza, na paa likitokeza kidogo inatosha. Upande wa ziwa nina dirisha moja jembamba, kizingiti chake kiko chini, usawa wa godoro, na nje lina ubao wa bawaba nnaoufunga mchana. Nikilala kiubavu naona maji na mitumbwi. Nikisimama sioni kitu, na sijali, kwa sababu kile chumba si cha kusimama.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, ya ziwani inakuja kuziba pengo. Usiku mambo yanageuka. Chumba chenye tundu upande mmoja tu kinafaidi nusu siku. Chenye matundu pande zinazotazamana kinapumua saa zote. Ila kila tundu liwe na wavu, tena ule wa macho madogo. Wenyeji mnajua zile jioni ambazo wadudu wa ziwani wananyanyuka majini kwa wingi mpaka mtu wa mbali anadhani ni moshi. Taa ikiwa imewaka na dirisha wazi, asubuhi unafagia kwa kizoleo.

Kuhusu paa nitasema machache. Mafundi wa sasa wote wanataka kukupigia paa la kuficha, kuta zinapandishwa kuzunguka bati, nyumba inakuwa boksi, picha inapendeza. Mimi nililikataa. Mvua yote inakusanywa kwenye mfereji nyuma ya ukuta, jani moja la mwembe likiziba mdomo wa bomba, maji yanahamia darini. Tuliezeka paa la kawaida lenye mteremko, bati la krimu. Fundi alipendekeza la damu ya mzee, eti halionyeshi uchafu, lakini rangi nyeupe-nyeupe inarudisha joto juu lilikotoka. Chini ya bati kuna foili inayong'aa, kisha nafasi ya hewa, kisha dari ya jipsamu, na pembeni matundu ya kutolea joto yenye wavu kwa sababu ya popo. Kenchi zinazobeba bati zimefungwa kwa vipande vya nondo vilivyolazwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kabla zege halijakauka. Upepo wa ziwani haubonyezi paa, unalinyanyua.

Na radi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, na sisi tumeongeza kimo. Fundi umeme alipojaribu kupigilia fimbo ya arthi iligoma baada ya kina cha mkono, jiwe. Ardhi ya mawe makavu haipokei umeme vizuri, kwa hiyo alichimba mtaro mrefu akalaza waya mnene wa shaba kuelekea kwenye migomba, ambako maji ya kufulia yanamwagwa kila siku na udongo haukauki. Migomba yangu sasa ina kazi mbili.

Bafu ndilo lililokula hela, na ningeligawia tena hivyo hivyo. Slabu nyingi za mtaani humwagwa bila kuachiwa njia ya mabomba, na yetu ilikuwa hivyo. Kutoboa ovyo mhandisi alikataa. Suluhisho lilikuwa kuinua sakafu ya bafu sentimita 18 juu ya slabu, ndiyo maana mlangoni kuna ngazi moja ya kupanda. Ndani ya unene huo linapita bomba la choo la inchi 4, likitelemka sentimita 2.5 kwa kila mita, linatoboa ukuta wa nje na kushukia nje hadi kwenye chemba. Choo kimekaa jirani na ukuta huo ili safari iwe fupi. Ningetaka choo upande wa pili ningelazimika kuinua sakafu zaidi na zaidi. Nafasi iliyobaki hatukujaza kifusi. Tulilaza tofali za matundu ili kupunguza uzito. Bomba la hewa linapanda mpaka juu ya paa. Ukilikosa hilo, kila ukivuta maji choo kinafyonza yale maji yanayobaki kwenye shingo yake, na harufu inapata njia ya kuingia ndani.

Kwa jinsi bimu zilivyokaa, nusu ya bafu iko juu ya bafu la chini, na nusu iko juu ya chumba cha wageni. Kwa hiyo nilikuwa mkali kwenye dawa ya kuzuia maji. Ilipakwa mara mbili, ya pili ikikata ya kwanza, kwenye pembe ikalazwa kitambaa cha wavu, ikapanda ukutani sentimita 30 kuzunguka na upande wa kuogea ikapita kichwa cha mtu. Fundi vigae alikuwa tayari amekaa juu ya ndoo yake, anataka kuanza. Nikamwambia bado, tunajaza maji kwanza.

Waliziba kidaka maji, lile tundu la sakafuni, kwa tambara lililofungwa ndani ya mfuko, wakajenga tuta la saruji mlangoni, wakamimina ndoo kwa ndoo mpaka maji yakafika kina cha sentimita 5. Fundi akapiga magoti akachora mstari wa penseli ukutani, palepale maji yalipoishia. Chumba cha chini alikuwamo binamu yake baba watoto, mzee kutoka Ukerewe aliyekuja kliniki. Ilibidi nimwambie kwamba usiku huo kutakuwa na maji juu yake, kwa majaribio tu.

"Kwa hiyo kipimo ni mimi, shemeji?"

"Ni dari, shemeji. Wewe unalala tu."

Alihamisha mto, akalala amegeuzia miguu upande wa bafu. Asubuhi nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akatangaza matokeo kabla sijauliza: dari kavu, ila yeye hakulala. Juu mstari wa penseli ulikuwa umeachwa na maji kwa unene wa kucha, kiasi cha mvuke. Saa 24 zilipotimia fundi vigae akaruhusiwa kusimama.

Vigae vya sakafuni ni vile vyenye mkwaruzo. Vinavyong'aa nimewaachia wenye hoteli. Kupima mteremko nilitumia gololi ya mtoto: naiweka popote sakafuni, na lazima iende yenyewe mpaka kwenye kidaka maji bila kusita njiani. Pembe moja ilisita. Fundi alisema vigae vikishapigwa graut ya kuziba maungio itakaa sawa. Nikamwomba avitoe. Alivitoa huku ananiita "injinia".

Maji ya kufika huko juu ni habari nyingine. Tangu mtambo wa Butimba uanze kazi, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, ukisaidia ule wa Capri Point, bomba la upande wetu limekuwa na uhai. Lakini maji ya kutoka bombani uani na maji ya kupanda ghorofani juu ya mlima ni vitu viwili. Yanaingia kwanza kwenye simtanki la chini, pampu ndogo inayasukuma mpaka tanki la juu la lita 1,000, nalo ni tani nyingine, kwa hiyo limekaa moja kwa moja juu ya nguzo. Watu wengi huliweka tanki usawa wa dari halafu wanashangaa bafuni maji yanadondoka. Kila mita ya kimo kati ya tanki na mahali unapoogea inakupa presha ya takriban bar 0.1 tu. Tulichomelea stendi ya chuma ikaliinua mita 3 juu ya bomba la kuogea, na sasa maji yanatoka kwa heshima.

Maji ya moto yalileta ubishi wa mwisho. Baba watoto aliuliza maji ya moto ya nini Mwanza hii. Nilimkumbusha alfajiri za Juni na Julai. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, kwa hiyo nilisimamia ipate waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, milimita 4 za mraba, pamoja na swichi yake ya kujikata. Fundi alitaka kuichomeka kwenye waya wa soketi za chumbani, na hapo ndipo nyumba huungua. Dakika 10 za kuoga zinakula karibu uniti nzima ya LUKU. Anayezimaliza uniti hizo kwa sasa ni yule aliyeuliza maji ya moto ya nini.

Mlango wenyewe niliouota niliuweka chini ya ngazi, pale koridoni, na kitasa cha maana. Fundi mbao alishauri uwe juu. Mlango ukiwa juu, ngazi zote zinabaki upande wa wageni, na ngazi yenye soketi karibu itakuwa kituo cha kuchajia simu na kupiga soga mpaka usiku wa manane. Ukiwa chini, nyumba inaishia pale.

Chumbani kuna kitanda, kabati la ukutani na kiti kimoja. Kiti cha pili kililetwa na baba watoto, nikakirudisha sebuleni kwa maelezo kwamba kinapendeza zaidi huko.

Mama mkwe alikuja kutoka Magu kazi ilipoisha. Alipanda pole pole, mkono kwenye reli, akaingia, nikampigia magoti kumwamkia. Akakagua bafu, akafungua bomba la moto akalifunga haraka, akarudi chumbani akatazama huku na huku.

"Mayu, kiti kimoja? Atakaa nani?"

"Ni changu, mama. Nikichoka huwa naka..."

Alishakikalia. Akavua viatu, akasogeza ule ubao wa dirisha, akaomba chai iletwe huko huko. Mama mkwe si mgeni, kwa hiyo sheria ya nyumba iko palepale. Ila shemeji yangu amesikia, na habari za kaunta zimeanza upya.